Kwa Daktari Aliyeninyang'anya Migongo na Mabega ya Watu

Kwa Daktari wa Mifupa,
Chumba cha mwisho, baada ya mizani.

Ndugu Daktari, mwanangu kwa umri tu,

Shikamoo yako ya Jumatatu niliipokea, ingawa uliitoa ukitazama picha ya goti langu badala ya uso wangu. Mimi ndiye yule bibi mkandaji. Mwaka wa thelathini na moja huu nakanda watu chumbani kwangu kwa kopo moja la mafuta. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini kulalamika sikuhitaji mwalimu. Makosa yako ni haya:

1. Benchi lako. Siku ya kwanza, mwanzoni mwa mwaka, nilikuja kwa siri. Nilijifunga mtandio mpaka puani nikapita mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku, maana mkandaji akionekana kwa daktari wa mifupa, kazi imekwisha. Nikaketi. Kushoto kwangu fundi cherehani, mteja wangu. Kulia mwalimu, mteja wangu. Mbele yangu tarishi, mteja wangu, kajificha nyuma ya bahasha ya picha. Wao wamenitoroka mimi, mimi nimewatoroka wao! Mwalimu akaniamkia, akauliza kama nimemleta mgonjwa. Nikasema ndiyo, yuko chooni. Hapo hapo muuguzi akaita jina langu, na benchi zima likanitazama nikiinuka kwa awamu, kama hema linalosimikwa.

2. Unayagawa maumivu. Kwangu maumivu ni mamoja: mtu anaumwa, namkanda, analia, anakwenda zake. Wewe kila mmoja umempa lake. Fundi, ganzi ya vidole eti ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Alale na kifaa cha kuunyoosha mkono, na kisipomfaa ndipo afanyiwe upasuaji mdogo. Mwalimu, bega limeganda. Atambaze vidole ukutani kila siku na awe na subira, huenda mwaka ukapita. Tarishi, kisigino, anyooshe misuli ya nyuma ya mguu, abadili viatu, avingirishe chupa ya maji baridi chini ya unyayo. Chupa! Ninazo kumi na nne chini ya kitanda, na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa nalalia dawa.

3. Wanapona. Hili silisamehe. Juzi mwalimu alinipungia toka ng'ambo ya barabara, mkono wote juu, kama anashangilia mpira. Bega lile nimeling'ang'ania miezi mitano. Nikilivuta anapiga kelele, nami namwambia aache kudeka.

4. Goti langu la kulia. Umesema gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, mfupa unasaga mfupa. Umeniagiza niimarishe misuli ya paja, nipunguze mwili, na mkongojo niushike mkono wa kushoto. Nilidhani umekosea upande, nikakuonea huruma. Nikajaribu nyumbani nimefunga mapazia. Hukukosea, na hilo nalo ni kosa. Ukaja na sindano. Ikanituliza wiki chache tu. Sasa unataka kunibadilishia goti zima. Daktari, goti hili nimelipaka mafuta yangu miaka minne. Nimesingizia viatu, nimesingizia ngazi, nimemsingizia mjukuu kumwaga maji. Mafuta tu ndiyo sikuyasingizia. Mke wa mwanangu aliponiambia, Mama, mafuta hayafiki kwenye mfupa, nilimfukuza jikoni, kisha nikamwita arudi aninyanyue kwenye kigoda.

5. Kwa hiyo nataka wateja wangu uwarudishe kama ulivyowachukua: fundi na ganzi yake, mwalimu na bega lake, tarishi akichechemea. Ukishindwa, andika kwa mhuri kwamba mafuta yangu ndiyo yaliyowaponya, wewe ulisaidia. Ukishindwa na hilo, funga kliniki. Tarehe ya upasuaji uliyonipa naikataa. Nikilala kwenye kitanda chako, nani tena atalala kwenye mkeka wangu?

Msalimie muuguzi na koo lake la mnadani, na mpiga picha aliyenilaza juu ya meza ya barafu. Msalimie na mama yako. Mwambie amelea vizuri, ila mkaidi.

Mimi uliyenionea,
Bibi Mkandaji

Nyongeza: Aliyekuletea barua hii ni mdogo wangu, tumbo moja. Kinena kinamuuma, na hawezi kuinama kufunga viatu. Nadhani ni nyonga. Nimemkanda miaka miwili, na kila akitoka kwangu husema amepata nafuu. Jana nilimkuta anapanda ngazi kwa makalio, kidato kimoja kimoja, hajui namwona. Mpime leo. Akihitaji kupasuliwa, mpe ile tarehe yangu. Na usimwambie nimekuomba. Yeye anajua amekuja kukuletea barua ya kukugombeza tu.