Shimo Nyuma ya Kochi

Subira yangu imekatika leo saa tatu asubuhi, nyuma ya kochi. Sasa ni jioni na sina uso wa kutembea nao hapa Mji wa Kale. Nawahadithia nyinyi tuliosoma pamoja kwa sababu mko mbali, na mkicheka sitawasikia.

Ukuta wangu mwaujua. (Nimewatumia picha zake nyingi kuliko za mtoto.) Wenzangu ukumbi wautia rangi, mimi nikataka plasta ya udongo: udongo mwekundu uliochekechwa, ukapigwa kwa mwiko, ukasuguliwa kwa jiwe mpaka ukalainika kama shavu la Nasri wangu. Mama mkwe, anayekaa ghorofa ya juu, alinicheka wiki nzima. Akasema yeye alizaliwa nyumba ya udongo Majengo, akahangaika umri wake wote ahamie nyumba ya mawe, na sasa mimi namletea udongo mpaka ukumbini.

Kazi aliifanya Fundi Kombo. Mtu wa taratibu mno! Udongo aliuchekecha mara tatu. Mimi mtoto mgongoni, kila siku namgombeza, na yeye hunijibu tu kwamba udongo hauharakishwi. Mwisho akachora maua ya asumini kwa kidole, ukumbi mzima. Hewa ikiwa na unyevu, chumba chanukia kama mvua ya kwanza. Hata mama mkwe akanyamaza. Akaanza kushuka kila alasiri na kikombe chake cha chai, akae kwenye kochi. Nikajiona nimeshinda. (Mimi huyo.)

Basi leo nimevuta kochi nifagie. Shimo. Ukubwa wa sahani. Asumini saba hazipo.

Wiki tano tu tangu amalize! Chai sikunywa. Nilipiga picha nikairusha kwenye kundi la simu la kina mama wa mtaa, na maneno nitakayoyajutia mpaka uzeeni: “Kina mama, Fundi Kombo msimpe kazi. Ukuta wake wamomonyoka kama biskuti.” Halafu nikampigia mwenyewe, nikamwambia aje aone aibu yake.

Akaja na mwiko mkononi. Hakuwa na hasira, na hilo likanikera zaidi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Bi Rukia wa nyumba ya pili, ambaye kesho alikuwa amwanzie kazi, keshamwambia asije. Akasema hana duka wala kibao barabarani. Ana jina lake tu. Nikamwambia jina lake liko pale nyuma ya kochi, alitazame. (Mdomo wangu huu, siku moja nitaushona.) Na nilisema kwa sauti, maana majirani watatu walikuwa washajaa mlangoni, Bi Rukia mbele.

Kombo akapiga magoti, akawasha tochi ya simu.

“Mama Nasri, ukuta ukimomonyoka huacha vumbi. Vumbi liko wapi?”

“Nimefagia.”

“Kwa ufagio huo? Mbona hauna hata chembe nyekundu?”

Akapitisha mkono katikati ya mito ya kochi, akatoa kijiko cha chai. Chekundu mpaka shingoni. Akakiweka kwenye shimo, kikaingia sawasawa kwenye mikwaruzo.

“Huu haukumomonyoka,” akasema. “Huu umeliwa.”

Kisha akauliza, kwa adabu, macho yake sakafuni, kama nyumba hii kuna mwenye mimba. Mke wake, akasema, mimba ya pili alimlia kona nzima ya jiko.

Macho yote yakateremka tumboni kwangu.

Nilikuwa nafungua kinywa niape, mama mkwe akashuka ngazi kuuliza kelele ni za nini. Buibui safi, heshima zake zote. Na pembeni ya mdomo, hapa, alama nyekundu.

Mama mkwe ana miaka arobaini na tatu, jamani. Ana mjukuu!

Nilimtazama mdomo. Akajua nimejua. Akajipangusa kwa ncha ya buibui, na macho yake yakanisihi kama ya mtoto aliyekutwa kwenye mkebe wa sukari. Nikipiga kimya, Kombo amekwisha jina. Nikisema, mama wa watu aumbuka mbele ya Bi Rukia, ambaye ana kasi kuliko simu.

“Ni mimi,” nikasema. “Ukuta nimeula mimi.”

Vigelegele! Bi Rukia akanikumbatia, na papo hapo akamwambia Kombo kesho aje kama walivyoagana. Mwingine akaniuliza kama naula na chumvi. Nikaandika kundini kwamba Fundi Kombo hana kosa lolote, mkosa ni mimi, na nikamwomba radhi mbele ya wote. Alipokuwa akitoka alimtazama mama mkwe, akanitazama mimi, akasema shukran polepole. Yeye aliona. Hakutamka.

Dakika kumi, mume wangu apiga simu kutoka bandarini. Ataka kujua kwa nini habari za mtoto wake apewa na mwenzake wa kazini. Nikamwambia atulie, nitamweleza. Nitaeleza nini?

Alasiri mama mkwe akamwambia baba mkwe, ambaye hakuwa na habari. Nilidhani wataona haya. Thubutu! Baba mkwe aliteremka ngazi kama kijana wa miaka ishirini, akaenda msikitini, na kabla ya magharibi mtaa mzima wajua kwamba atapata mtoto.

Ila ya mimba wameisema. Ya kijiko hawakuisema.

Kwa hivyo mpaka saa hii mtaani kuna wenye mimba wawili. Na mmoja wao, ikija kujulikana hana kitu tumboni, atabaki ni mwanamke anayekula ukuta hivi hivi tu.

Nimechukua karatasi. Nimeandika kwa kalamu, nimeitia kwenye kikapu ambacho mama mkwe hukiteremsha dirishani kwa kamba, nimevuta kamba mara mbili. Kimepanda. Barua ni hii, na atakayecheka nitamkumbuka:

*Kwa Baba Mkwe, ghorofa ya juu.*

*Msalkheri Baba. Kuhusu: Ukuta Wangu.*

*Kwa heshima zote nalalamika rasmi kwamba mkeo amekula asumini saba. Naomba Fundi Kombo aitwe azirudishe, na wewe ndiye umshikie karai. Naomba Mama apelekwe kliniki, na kama atakubaliwa kula udongo, anunuliwe wake Marikiti. Naomba pia kesho, ukitoka msikitini, uwatangazie watu wale wale kwamba mimi sina mimba na sijala ukuta wa mtu.*

*Hongera sana.*

*Mkaza mwanao,*
*Mama Nasri*

*Kiambatisho: kijiko kimoja.*