Kanisa la Kumzuia Ngui

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Nilijua! Ngui ameomba leseni ya bia. Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya chifu, jina lake chini ya langu, kana kwamba tumeandikishwa shule pamoja. Mimi naomba leseni ya Tulia Bar iendelee, kama kila mwaka. Yeye anaomba ya kwanza. Kikao cha leseni kitakaa Kajiado mwezi ujao.

Huyu Ngui alikuwa mchoma nyama wangu. Nilimtoa Machakos akiwa na viatu vya kuazima. Nikampa jiko, kisu na ubao wa kukatia. Mwaka jana akaaga vizuri, akashukuru, akavuka barabara na kufungua hoteli yake hapa hapa Noonkopir, Kitengela, mkabala na mlango wangu. Tangu hapo wateja wanakunywa kwangu huku pua zao ziko kwake. Akipata bia, nimekwisha. Nani atabaki kunywa mahali nyama ni ngumu? Mchoma nyama wangu wa sasa ni shemeji yangu, na sitaki kuongeza neno.

Jioni Ngui alinipungia mkono, akaniita mzee. Mtu asiye na hatia hapungi mkono namna hiyo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku njema. Karani fulani alipitia kwangu akitoka kazini. Alipofika chupa ya pili aliniambia kwamba wanaotoa leseni hawapendi baa iliyo karibu na kanisa wala shule. Kuna jamaa wa Kiserian alinyimwa kwa sababu ya kanisa ambalo hata kuta halikuwa nazo. Nikamwongezea ya tatu, bure.

Karibu na Ngui hakuna kanisa. Bado.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwendea Pasta Makokha. Kundi lake linaabudu kwenye chumba nyuma ya mashine ya kusaga unga. Mashine ikinguruma, mahubiri hayasikiki, na yeye ni mtu wa mahubiri marefu. Nikamwambia nimeguswa moyoni nimtafutie kiwanja. Alinitazama sana. Ananijua. Amewahi kuhubiri nje ya baa yangu akinitaja kwa jina, na siku hiyo mashine haikuwepo. Akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikasema hapana. Akalia. Mtu anayelia upesi hivyo anaficha kitu.

Kiwanja ni cha mzee Metito, kile kinachopakana na hoteli ya Ngui, mahali mbuzi wake wanapita. Alikubali kunikodisha haraka. Haraka mno. Kisha akaongeza neno, akielekeza kwa fimbo:

"Lakini hapo ni njia ya maji. Mimi hata mbuzi siwezi laza hapo."

Maji! Ardhi imepasuka mpaka mguu unaingia kwenye nyufa. Mbwa wamelala wakihema. Ama anataka kupandisha kodi, ama Ngui amempelekea mbavu. Nilimwambia nitakichukua vivyo hivyo.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisa limesimama. Nguzo, mabati, na viti vyangu vya zamani. Mimbari ni meza yenye alama za chupa, lakini wameifunika kitambaa. Mke wangu Ndanu alikuja amevaa vizuri kuliko siku ya harusi yetu. Pasta akaniita mbele. Nikadhani ni kushukuriwa tu. Akanitawaza mzee wa kanisa! Watu wote wakinitazama, na Ndanu akifuta macho. Nilikosa pa kutokea.

Lililonikosesha raha ni Ngui. Alileta sufuria la supu kwa waumini wote. Anajengewa kanisa ubavuni mwake na anagawa supu? Kwa nini anafurahi? Niliionja ili nichunguze. Nikarudia. Nimerudia tena na bado sijagundua kitu.

Jumanne, 28 Oktoba

Soipan ameokoka. Ndiye mhudumu wangu wa pekee, na hakuna msichana Kitengela nzima anayeweza kumtuliza mlevi kama yeye. Bado anafungua chupa, lakini akifungua anapumua kwa huzuni. Kisha anamwambia mteja kwamba atamwombea. Wateja wanamaliza upesi na kwenda. Mmoja aliomba radhi kabla ya kuagiza.

Nilimwuliza Soipan nani amemtuma. Akasema ni Yesu. Sikuridhika na jibu hilo.

Mawingu yamejaa upande wa Ngong. Redio inasema mvua itakuwa nyingi. Redio husema mengi.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua haijakatika tangu Alhamisi. Udongo mweusi umevimba, unawavua watu viatu. Na maji yamekuja. Yamepita mle mle kiwanjani kwa Metito, yakaingia kwa mlango wa kanisa na kutokea upande wa mimbari, kama muumini aliyechelewa kwenda nyumbani. Metito alisimama mahali pa juu na mbuzi wake. Hakusema kitu. Ningependelea aseme.

Asubuhi nilikuwa bado kitandani niliposikia nyimbo karibu sana. Nikatoka na shuka. Kanisa zima liko uani kwangu! Wameingia kwenye kibanda cha nyuma, kile kilichoshikana na ukuta wa baa, ambako wateja hukaa Jumamosi. Ngoma wameiweka juu ya kreti za bia. Ndanu ndiye aliyewafungulia geti. Pasta akasema wangekwenda wapi isipokuwa kwa mzee wa kanisa, ambaye Mungu alimpa nyumba mahali pakavu. Ni kwa muda tu.

Kulikuwa na kina mama wazee waliolowa mpaka magotini, wanatetemeka. Nifanye nini? Nikasema karibuni, nikaagiza chai. Ngui ndiye aliyebeba mimbari kichwani kuvuka barabara. Alikuwa akihesabu hatua. Namjua.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimejaribu kuwatoa. Nilimwambia pasta kwamba maji yamekauka. Tukaenda kutazama pamoja na nikapoteza kiatu cha kushoto. Nikajitolea kulipia kile chumba cha kule kwenye mashine. Akasema moyo wangu ni mkubwa lakini waumini wamepazoea hapa, mahubiri yanasikika mpaka barabarani. Hilo nimeliona. Hata wateja wameliona, wale waliobaki.

Mchana afisa wa afya, akitoka kwa Ngui, akaja kukagua baa kwa ajili ya leseni. Choo, sawa. Sinki, sawa. Kuta zimepakwa rangi. Kisha kwaya ikaanza mazoezi nyuma ya ukuta. Afisa akasimama na kalamu hewani. Nikamwambia ni redio ya jirani. Papo hapo Ndanu akatokeza kichwa mlangoni, akamkaribisha kwenye ibada ya Jumapili. Afisa akaandika kitu na kuondoka.

Pasta anasema waumini watanisindikiza Kajiado ili niombewe. Nilimsihi wasijisumbue, barabara ni mbaya. Akasema usafiri umepatikana, pikapu ya Ngui. Pikapu ya Ngui! Sasa nani ataniambia kwamba hakuna njama?

Alhamisi, 13 Novemba

Kajiado.

Walianza na Ngui. Mwenyekiti wa kikao akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nilikuwa nimeapa kunyamaza, kwa sababu ya hali ilivyo uani kwangu. Lakini maneno hayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mwezi mzima. Miguu ilisimama yenyewe. Nikasema hoteli ya Ngui inapakana na kanisa. Afisa wa afya akasema mahali hapo yeye aliona nguzo na tope tu. Mwenyekiti akaniuliza kanisa lenyewe liko wapi sasa.

Pasta Makokha akainuka nyuma, amejaa furaha, anataka kunisaidia.

"Liko kwa mzee Mwololo huyu, mheshimiwa. Ametupatia mahali kwake, ukuta kwa ukuta na baa. Yeye ndiye mzee wa kanisa letu."

Safu nzima ikasema amina. Soipan ndiye aliyeisema kwa sauti zaidi.

Ngui akapitishwa. Likaja faili langu. Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani, akatazama waumini, akanitazama tena. Akasema hawezi kupitisha baa iliyoshikana na kanisa, tena kanisa lililoletwa na mwenye baa mwenyewe. Nifunge, nichague moja, nirudi kikao cha mwakani. Hapo Ngui akasimama bila kuulizwa.

"Mheshimiwa, naomba mumuonee huruma. Huyu mzee ndiye alinifundisha kazi."

Mwenyekiti akasema amesikia, lakini uamuzi ni huo.

Niliumia. Kaunta ile niliipiga msasa kwa mikono yangu kabla Kitengela haijawa na taa. Kila mtu mjini amewahi kuegemea kiwiko chake pale. Pasta akanikumbatia na kunong'ona kwamba nimefunguliwa. Ndanu alinishika mkono njia nzima, ndani ya pikapu ya Ngui, na sikuuondoa.

Jumapili, 16 Novemba

Tulia imefungwa. Kreti zimeondoka, na kwaya imepata nafasi zaidi. Nimeketi kiti cha mbele kwa sababu ndicho cha mzee wa kanisa.

Baada ya ibada Ngui alikuja na sahani ya mbavu. Laini, lazima nikiri. Akasema yeye nyama anaijua lakini bia haijui, hajui hata wapi pa kupanga chupa. Akaniomba nikasimamie kaunta yake mpaka leseni yangu irudi, na nije na Soipan kama atakubali. Alisema hayo akitazama chini, kama siku ile nilipomtoa Machakos. Ndanu akasema huyo ni mtoto mwema. Nikasema nitafikiria.

Nimefikiria. Ni mtego. Anataka kuniona kazini aibe ninavyomimina.

Lakini nikiwa ndani ya kaunta yake nitaona mengi. Na kuna jambo ambalo sote tumelisahau. Leseni ya Ngui nayo ni ya mwaka mmoja tu, na karani alisema kanisa au shule. Shule! Nyuma ya jiko la Ngui kuna kiwanja kitupu, cha Metito pia. Nimeshamwona. Safari hii hakutaja maji hata kidogo, alicheka tu kisha akaita mbuzi wake. Nitafungua shule ya chekechea. Watoto wachache, ubao, bembea moja inayoonekana kutoka barabarani. Jina nimeshapata.

Ndanu ameniuliza mvua ikinyesha watoto watakaa wapi. Nimemwambia hilo lisimsumbue, watakaa hapa kwetu, kwa muda tu.