Machela ya Upande Mmoja

Kwa niaba ya Kamati ya Kudumu ya Historia ya Divisheni ya Kifaru, Tawi la Busia, ninayo heshima ya kutangaza kwamba vita vya Burma vimekwisha. Najua wengine husema vilikwisha mwaka 1945, lakini hao hawakuwa na muhuri. Sisi tulivimaliza Jumanne iliyopita, mwaka huu wa 1966, kabla ya chai.

Mimi Nanjala ndiye karani. Nilichaguliwa kwa sababu nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu haupandi mlima. Mwenyekiti ni Bwana Josiah Wabwire wa Namboboto, aliyekuwa lansi koplo wa Keya, jeshi la mkoloni. Ana mguu mmoja wa vita, ulioumia Burma, na kila mkutano ukifunguliwa huuweka juu ya stuli ili wajumbe wauone.

Kazi yetu ilikuwa kuandika jinsi Divisheni ilivyopigana, halafu majina yasomwe uwanjani mbele ya watu. Waraka kutoka juu ulikuwa na sharti moja tu: waandikwe wana wa Kenya peke yao. Mwenyekiti alilipenda sharti hilo. Alitueleza kwamba Divisheni ilijaa watu wa Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na kwamba hilo lilikuwa kosa la Waingereza, kuchanganya watu ovyo bila kufikiria makarani watakaokuja.

Ndipo akaingia Mzee Omoding kutoka Malaba, baisikeli ameiegemeza mlangoni.

"Nimekuja na majina mawili," alisema. "Langu na la Echodu. Tulikuwa wabeba machela. Yeye mbele, mimi nyuma, bonde la Kabaw, matope mpaka hapa. Siku mbili. Na tuliyembeba ni huyu."

Akamwonyesha Mwenyekiti kwa kidevu.

"Echodu anakaa wapi siku hizi?" Mwenyekiti aliuliza, kama hajui.

"Ng'ambo ya mto. Kuku wake wanakula kwangu."

"Basi ni Uganda."

"Kuku?"

"Echodu, mzee. Hawezi kuandikwa."

Mzee Omoding alivua kofia. "Bwana Mwenyekiti, macho yake yamekwisha. Hataki medali, hataki kitu. Anataka tu asikie jina lake likisomwa mara moja, watu wakiwa wamenyamaza. Nimemwahidi."

"Andika, Nanjala. Omoding alibeba machela."

"Peke yangu?"

"Peke yako."

"Mzee mwenzangu, machela ina mikono minne."

Kamati yetu haiamui mambo kwa kubahatisha. Mwenyekiti alilala juu ya benchi la ofisi, na Bwana Nicholas, mjumbe wa Busibwabo mwenye mabega, akainua upande mmoja. Mwenyekiti aliteleza taratibu, kwa heshima, mpaka viatu vyake vikafika veranda. Tulirudia mara ya pili kwa ajili ya uhakika. Nikaandika: imethibitishwa kwamba mtu mmoja hawezi. Kwa hiyo Kamati ikaazimia kwamba siku hiyo machela haikubebwa.

"Na mgonjwa?" niliuliza.

"Mgonjwa si ajenda," alisema Mwenyekiti, akapiga muhuri.

Nami nikaandika nilivyoambiwa. Omoding alipanda baisikeli bila kuaga.

Historia tuliipeleka juu, na jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Halikuja kwetu. Lilikwenda Namboboto, kwa Mama Petronilla, mke wa Mwenyekiti. Alilileta ofisini mwenyewe, amevaa gauni la kanisani.

"Baba Auma, nimepewa pole."

"Na nani?"

"Serikali. Nimeshukuru."

Barua ilisema kwamba, kwa mujibu wa ukurasa wa tatu wa historia yetu iliyoandaliwa vizuri sana, Lansi Koplo Josiah Wabwire alijeruhiwa bonde la Kabaw mwaka 1944, na hakuna ukurasa wowote unaomtoa huko. Mjane wake anaalikwa kwenye kiti cha mbele. Kamati inaombwa ichague mwenyekiti aliye hai. Mwenye pingamizi alete kwa maandishi ushahidi wa hao waliombeba.

"Lakini mimi niko hapa," alisema Mwenyekiti.

"Muhuri ni wako," alisema mkewe. Akaikunja barua, akaitia kwenye mkoba.

Kesho yake tukavuka daraja la Malaba, Mwenyekiti, Omoding na mimi na faili. Echodu alikuwa amekaa uani, anasokota kamba kwa kupapasa.

"Nani huyo anayechechemea?"

"Ni mimi, Josiah."

"Josiah aliachwa Kabaw. Omoding aliniambia, imeandikwa."

"Mzee Echodu, wewe ndiye uliyenibeba."

"Mimi? Mimi ni mtu wa ng'ambo. Tafuta Mkenya."

Mwenyekiti alisimama akapangusa jasho. Halafu akasema polepole, bila sauti ya mkutano, "Ulinibeba. Ulivua shati lako ukanifunga mguu."

Kamba ilisimama mikononi mwa Echodu. "Haya. Wewe binti mwenye kalamu, andika. Echodu mbele, Omoding nyuma. Siku mbili. Na mgonjwa alilia njia nzima akimwita mama yake."

"Hilo la mama pia liandikwe?" Mwenyekiti aliuliza.

"Hilo ndilo linaloonyesha ulikuwa hai," alisema Omoding.

Nililiandika. Mwenyekiti aliiweka karatasi kwenye goti lake mwenyewe, akapiga muhuri.

Siku ya sherehe magoti ya Echodu yalikataa mwendo. Wakamkalisha kwenye kiti, wakakibeba kuvuka daraja mpaka kwenye lori la kwenda Busia, Mwenyekiti mbele, Omoding nyuma.

"Josiah, taratibu," Echodu aliita kutoka juu. "Mimi sikukuyumbisha hivi."

Uwanjani jina la Echodu lilisomwa pamoja na ushahidi, na watu walikuwa wamenyamaza. Echodu aliinuka, akaitika mara moja kijeshi, "Effendi," akakaa. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja, na Mama Petronilla alikuwa na barua, kwa hiyo Mwenyekiti alisimama nyuma yake mpaka mwisho, akiegemea mguu mzima.

Kumbukumbu za siku hiyo niliziandika mimi. Ni fupi: Machela ilibebwa na watu wawili. Mgonjwa alifika.