Mjukuu wa Kaisa

Pentti Kuikka hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Pentti alifunguliwa, akamiminiwa hata kahawa.

Siku hiyo alikuwa katika baa ya Oiva Lintula mjini Hämeenlinna. Alipochungulia uani, akaona ndani ya banda la kuni meza ya kaisa ya zamani, miguu ya kuchonga, imelaliwa na vumbi. Yupo tajiri wa Helsinki ambaye angeitolea roho. Oiva alikuwa amerundika magogo juu yake.

Kaisa ni mchezo wa meza wa jamii ya biliadi, wenye mipira mitano na mifuko sita, na mpira wa manjano ndio wenye jina hilo, ambalo pia ni jina la kike. Jina lilitoka wapi, kila baa ina jibu lake. Jibu la baa ya ng'ambo ya ziwa lilivuta wateja, likamnyima Oiva usingizi.

Kesho yake Pentti akarudi na picha ya mwanamke aliyejitanda kitambaa. Kwa sauti ya msibani akaeleza kwamba huyu ndiye Kaisa mwenyewe, mhudumu wa baa hii hii enzi za mababu. Wachezaji walishindwa kumwoa, wakaupa mpira jina lake. Kusema kweli picha ilikuwa ya Elma, bibi yake Pentti, aliyemlea kwa uji wa shayiri na hakuwahi kushika fimbo ya mchezo. Pentti aliapa moyoni kwamba siku moja atarudi kuichukua picha hiyo.

"Sasa nikupe nini, ndugu yangu?" Oiva akauliza, macho yamemlegea.

"Mimi sitaki kitu. Labda lile gogo la meza kule bandani, nipate kuni."

Hilkka, dada yake Oiva, alikuwa akifuta glasi. "Kuni tu?"

"Kuni tu, dada."

"Basi nendeni sauna kwanza. Kwetu neno halishiki bila jasho."

Wakakaa uchi juu ya benchi, Oiva akimwagia mawe maji, mvuke ukiuma masikio. Nje, vitu vizito vikasikika vikipakiwa katika gari la Pentti. Pentti alitamani kwenda kuchungulia. Lakini mgeni anayekimbia sauna kabla ya mwenyeji huchekwa hadi kaburini, na heshima ndiyo mali pekee ambayo Pentti hakuwa ameiuza. Akabaki. Oiva akamwaga tena.

Alifika Helsinki mwekundu kama pilipili. Tajiri akafunua turubai: magogo, yamekatwa sawasawa, yamekauka vizuri.

Akarudi mbio, akakuta baa imejaa. Meza inang'aa katikati, Bibi Elma yuko ukutani na mshumaa mbele yake, na Hilkka anawaliza wageni kwa visa vya mapenzi ya Kaisa ambavyo hata Pentti hakuvitunga.

"Huyo ni bibi yangu," Pentti akasema.

Hilkka akamtazama yeye, kisha picha. "Na pua ni ile ile. Mjukuu wa Kaisa, jamani."

Wazee wakavua kofia. Angekana vipi? Akawekewa kahawa na andazi la iliki, bure, kama wa nyumbani. Akapewa fimbo aanzishe mchezo.

"Kuni zinawaka vizuri?" Hilkka akanong'ona.

"Vizuri sana, dada."

Akainama mbele ya bibi yake, akaulenga mpira wa manjano, akaukosa.