Mwili wa Kafa, Suruali ya Mwanyumba

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa! Shemeji, mdogo wake mke wangu, anaoa mwisho wa mwezi. Mpambe wa kumsimamia harusini hajamchagua: ama mimi, ama mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada yake mke wangu. Kasema ukumbi uko ghorofa ya tatu, hataki mpambe wa kufika juu akihema kama mvukuto. Matumbo tunayo wote wawili. Lakini suti zote nashona mimi. Nani fundi hapa?

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu katuburuta, mimi na mwanyumba, kwa mama mmoja tabibu wa Ayurveda, tiba kongwe ya Kihindi. Akatushika mkono kusikiliza mapigo, akatutazama ndimi, akatangaza kwamba miili yetu ni ya kafa. Nikaruka: nani kafa? Akacheka mpaka miwani ikamponyoka. Kafa ni tabia ya mwili, akasema: maji na udongo, mzito, mtulivu, mvivu wa kuyeyusha chakula. Basi maji ya moto yenye tangawizi. Mlo mkubwa adhuhuri, moto wa tumbo ukiwa umekolea. Jioni kitu chepesi, tena mapema. Asubuhi kutembea kwa kasi. Kulala mchana, marufuku! Na polepole, akaonya. Mwili si nguo, haupunguzwi kwa mkasi.

Hilo la mkasi limenipa wazo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekunywa maji ya tangawizi. Yameniunguza koo kama pasi. Nikalipoza kwa soda baridi. Mlo mkubwa wa adhuhuri nimeula kwa utiifu kabisa. Mara mbili. Kisha nikajinyoosha chini ya meza ya kukatia vitambaa. Kilichokatazwa ni kulala mchana, na chini ya meza ni giza.

Jumapili, 9 Machi
Kazi imefanyika! Kiuno cha suruali ya mwanyumba nimekibana upana wa kidole. Changu nimekiachia upana huohuo, kinipe moyo. Jioni akaja kujaribu. Kifungo na tundu vikaangaliana kwa mbali. Akaniuliza kwa sauti ya mgonjwa, "Mwanyumba, nakula kwa adabu, mbona nazidi kunenepa?" Nikatikisa kichwa kwa huzuni.

Yangu inapwaya. Nimepungua!

Ijumaa, 14 Machi
Mwanyumba kaingiwa na hofu. Watu wanamwona asubuhi anakwenda mbio kama aliyeachwa na basi. Mchana anakula akashiba, jioni bakuli la supu ya mboga, basi. Keki za ofisini kwake anawagawia wenzake. Masikini, anajisumbua! Nimembana kidole kingine. Yangu nimeiachia tena, na bado inapwaya. Ajabu ya mwili wangu! Mke wangu anadai kiti changu kinalia kuliko zamani. Kiti kimezeeka.

Jumatano, 26 Machi
Siku ya kujaribu suti, shemeji akiwepo. Mwanyumba akavaa suruali niliyoibana vidole viwili. Ikamkaa kama kazaliwa nayo! Kidevu kimekuwa kimoja. Akapanda ngazi za jengo letu na kushuka huku anaongea. Shemeji akamkumbatia papo hapo: mpambe ndiye huyu.

Zamu yangu. Suruali safi, inapwaya. Koti nilisahau kuliachia. Likapasuka mgongoni toka kola hadi chini.

Lakini mwanyumba akanishika mikono, machozi yanamlenga. Akasema, "Ungenishonea pana ningebweteka. Umeniokoa, ndugu yangu." Kumbe! Sindano yangu inapunguza watu! Tabibu kajua hilo?

Jumamosi, 29 Machi
Harusi ya kukumbukwa! Nimepewa cheo: msimamizi wa chakula. Jiko lenyewe liko chini, sikusumbuka na ngazi. Huko juu mwanyumba akalisifu jina langu kwenye kipaza sauti. Makofi nikayasikia mpaka penye masufuria. Watu wakateremka kuniuliza siri ya kupungua. Nikawaeleza kwa kirefu, baada ya kumeza.

Jumapili, 30 Machi
Mama mkwe kaja mwenyewe dukani, na gauni lake la zambarau. Kasikia sifa zangu, naye anataka kupungua. Nikamwamkia, nikalipokea kwa mikono miwili, macho chini. Alipoondoka, mke wangu kaniapia kwamba nikiligusa gauni la mama yake kwa sindano, nitahamia dukani na kitanda changu.

Wivu tu. Nimelibana vidole vitatu.