Mita Kumi na Tano za Ngozi

Baba yangu ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kwenda kununua hita ya maji akiwa na futi ya kushonea shingoni!

Msicheke mapema. Baba ni fundi cherehani, na futi ile haimtoki shingoni hata akilala. Kwa imani yake hakuna kitu chini ya jua kisichopimika kwa futi: suti, pazia, akili ya mtu, hata heshima ya waziri. Mteja akilalamika kwamba suruali inambana, baba humsukuma taratibu kutoka nyuma ya pazia la kujaribia na kumpa hukumu isiyo na rufaa: "Toka, imekutosha!"

Wateja hutoka. Wengine hutoka wakitembea kama kuku aliyefungwa miguu, lakini hutoka.

Sasa, bibi mzaa mama alikuwa anakuja kukaa nasi wiki mbili. Miaka ishirini na sita iliyopita, baba alipokwenda kuposa, bibi alimtazama kuanzia viatu mpaka kola, akasema mbele ya ukoo mzima: "Huyu? Huyu hawezi hata kumchemshia binti yangu maji ya kuoga!" Neno lile lilimwingia baba kama sindano na kuvunjikia ndani.

"Safari hii," alitangaza, amesimama katikati ya sebule kama jemadari, "mama mkwe ataoga maji moto yanayotoka ukutani!"

"Baba watoto, maneno yale bado unayo tu?" mama alishangaa. "Mwenyewe ameshayasahau."

"Anayechoma husahau. Aliyechomwa hasahau!"

Nikaona hapa ndipo elimu yangu itakapoikomboa nyumba. Nikaleta karatasi. "Baba, tuhesabu. Asubuhi sote watano tunaoga ndani ya saa moja. Tupime kila mtu anamaliza ndoo ngapi, ndipo tujue lita."

Niliamini, na mpaka leo naamini, kwamba ukweli ukiandikwa vizuri hata dhalimu atausoma. Baba aliisoma karatasi yangu, akaigeuza, akachora kola upande wa pili.

"Chuo kimekufundisha kupima maji," alisema. "Maji yanafunika nini? Mwili! Na miili ya nyumba hii kaipima nani?"

Akalipiga kofi daftari lake la vipimo. Mama, mita tatu na nusu za kitambaa. Mimi na dada zangu wawili, tatu tatu. Yeye mwenyewe, kwa kuwa Mungu alimkata kwa kubana matumizi, mbili na robo. Akaongeza robo ya mshono.

"Mita kumi na tano za ngozi!" alisema, akachomeka penseli sikioni. Hesabu imefungwa.

Dukani tulipokewa na dada mmoja mpole. "Karibu mzee. Asubuhi mnaoga wangapi kwa saa moja, na kila mtu hukaa bafuni dakika ngapi?"

Lilikuwa swali langu lilelile! Nikataka kumkumbatia.

"Binti, sikuja kukusimulia mambo ya bafuni kwangu," baba akajibu. "Nina mita kumi na tano za ngozi. Nivalishe."

Dada akanitazama. Mimi nikatazama feni.

"Basi kama mko watano mnaofuatana, chukua hii ya lita mia na hamsini."

Baba akalikumbatia tenki, akalizungushia futi kiunoni. Wallahi, nimeshuhudia! "Hii suti ya kuazima. Inapwaya!" Akapita kwenye rafu zote kama mkaguzi wa gwaride mpaka pembeni kabisa, akainua kitu kidogo kama begi la shule. "Lita ngapi?"

"Kumi na tano, mzee. Lakini hiyo ni ya sinki la jikoni. Ya kuoshea vyombo."

"Mita kumi na tano, lita kumi na tano!" Baba alikaribia kulia kwa furaha. "Funga. Fundi mzuri haachi vipande sakafuni."

Fundi bomba aliyekuja kuifunga aliitazama, akatutazama sisi, akauliza kwa upole: "Mzee, hapa mnafuga njiwa?"

Bibi akafika mchana uleule. Mtu mwenye mwili wake, alijaza mlango kabla hajasalimia. Akasema vumbi la safari limemchosha, angependa kuoga kabla ya chakula.

Saa ya baba ilikuwa imewadia! "Mama, nipishe kwanza niikague kwa ajili yako. Mimi mwembamba. Mita mbili na robo tu, maji yenyewe hayatajua kama nimepita."

Akaingia. Mvuke ukatoka chini ya mlango. Baadaye ukatoka wimbo, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu... Katikati ya wa sita sauti ikapanda ghafla, kisha ikakatika. Baba akatoka aking'aa kama kifungo kipya, akitetemeka kidogo, jambo ambalo hakutaka tulione.

"Karibu peponi, mama!"

Bibi akaingia. Tukasikia maji. Kisha ukaja ukelele uliowaamsha hata mbwa wa jirani wa tatu.

"Uwiii! Na sabuni nimeshaipaka kichwa kizima!"

Baba akaikimbilia hita, akaigonga, akaibembeleza kwa jina la utani. Taa nyekundu ikamkodolea jicho tu.

"Baba watoto," mama alisema bila kuinuka, "jiko lile pale."

Akachemsha. Mtu mzima, fundi wa mabwana harusi, akabeba sufuria kwa matambara mawili, ncha ya futi ikichovya majini. Akabisha mlango. Mkono wenye povu ukatoka, ukachovya kidole.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Miaka ishirini na sita."

"Naam, mama."

"Leo umechemsha."

Baba akaanza kutabasamu.

"Sasa kalete sufuria ya pili. Mimi si mwembamba."

Kesho yake hita ya vyombo ilirudishwa, ikaja ile ya lita mia na hamsini, na baba akaingia bafuni amenyanyua kichwa. Hakujua kwamba bibi alikuwa amechukua saa ya mezani na kigoda, akaketi nje ya mlango. Ubeti wa kwanza ukapita salama. Alipovuta pumzi aanze wa pili, mlango ukagongwa.

"Mkwe!"

"Bado mama! Sabuni hii hapa masikioni!"

"Toka," bibi akasema, macho kwenye saa. "Yamekutosha!"

Akatoka.