Soksi za Theuri na Muhuri wa Serikali

Enyi wa Mweiga mliopakia viazi, nanyi wa Naro Moru mliotua mizigo ya wapanda mlima, ketini mnisikilize, maana jambo hili kuu lilitendeka Nyeri, Julai ya mwaka wa tisini na saba, na mkinikatiza nitaanza upya.

Alikuwako Theuri mwana wa Ngatia, simba wa kibodi, ngao ya hati za mashamba, aliyehangaika miaka miwili hata akatia ufumbaji katika kiini cha mfumo, ule moyo unaoendesha kompyuta nzima, ili mwizi akiiba mashine asome maneno yaliyovurugika tu. Lakini serikali haiamini moyo usiopigwa muhuri. Pasipo cheti cha usalama siku ile, kompyuta ingepelekwa ofisi ya Nanyuki na Theuri angerudi kulima viazi, na viazi, nawaambia, hakuvipenda.

Basi akashuka kutoka Nairobi mkaguzi Moffat, mwenye muhuri mzito, makarani wakasimama wima kama mahindi. Akafika mlango wa chumba cha kompyuta, akakwama. Pale alisimama Phyllis, mkuu wa ofisi ya ardhi, mlinzi wa sheria ipitayo sheria zote: chumbani hakiingii kiatu, kwa kuwa vumbi huua kompyuta.

"Hapa hata DC alitoa viatu, mzee," Phyllis akanena. "Hiyo kompyuta haijui mkubwa."

Moffat akadai kwamba anaona vizuri kutoka mlangoni. Phyllis akamkumbusha kuwa kanuni zake mwenyewe zinamtaka aketi na kubonyeza kwa mkono wake. Majeshi yakatazamana, chai ikapoa. Mkaguzi akafunga mkoba arudi Nairobi, na Theuri akaingiwa na hofu kweli kweli.

Ndipo shujaa akamwona mkubwa yule akichomoa kisigino kiatuni kidogo, akichungulia, akikirudisha upesi. Soksi ilikuwa imetoboka. Akamwita kando, nyuma ya kabati la faili, akavua soksi zake za sufu alizofumiwa na mamaye.

"Mzee, hizi zimefuliwa jana," akasema polepole. "Vaa tu. Hakuna mtu ataambiwa."

Moffat akazipokea. "Kijana, wewe unajua kuweka siri," akasema. "Hiyo ndio security."

Akaingia, akaketi, akaona herufi zilizovurugika, akauliza kama ndivyo zinavyotakiwa kuwa, akaambiwa ndivyo, akapiga muhuri. Cheti kikatamka kuwa kiini kile ni salama kabisa, na kwamba ikibadilishwa hata herufi moja, usalama umekwisha. Theuri, miguu mitupu kwenye saruji baridi, alikuwa ameshaona kosa moja la kiini chake kwenye skrini. Akalimeza.

Pigeni vigelegele, watu wa mlima! Siku ile serikali ilithibitisha kwamba siri za Nyeri hazivuji, na soksi za Theuri zikaenda Nairobi zisirudi. Hayo nayajua kwa hakika, kwa sababu nilikuwa upande wa pili wa kabati, nikitafuta faili.